Ngozi Inayowashwa na Sabuni: Mwongozo Kamili kwa Anayeishi na Maji ya Dodoma

Nilihamia Dodoma mwezi Juni, na kufikia Agosti kidole changu cha pete kilikuwa kimepasuka. Ngozi ilianza kukauka chini ya pete, ikatoa magamba, ikawasha usiku, kisha ikachanika mistari midogo iliyochoma kila nikikamua ndimu. Mama mwenye nyumba akaushika mkono wangu, akautazama, akasema, "Mwanangu, hayo ni maji ya Dodoma. Utazoea." Muuza duka la dawa akasema ni fangasi, akaniuzia tyubu. Shemeji yangu akaapa kwamba pete ni feki.

Pete ilikuwa nzima na fangasi sikuwa nao. Tatizo lilikuwa sabuni, tena siyo ile niliyojipaka bali ile ambayo haikuondoka. Kila nilipoosha vyombo ilinasa chini ya pete, ikashinda pale kutwa nzima. Siku nilipoivua na kuikagua kwa ndani nikaukuta utando mweupe kama ukoko wa birika. Yule mama alipatia kwa sehemu, maji yalichangia. Lakini sikuzoea, na wala hakuna haja ya kuzoea.

Mimi si daktari. Niliishi na shida hii, nikaisoma, nikawauliza wahudumu wa afya na watengeneza sabuni, na kuanzia hapo nimekuwa nikiwaelekeza jirani na ndugu. Yote yaliyo hapa chini yamesimama juu ya jambo moja: sabuni inayopita haina madhara makubwa kwa ngozi, inayobaki ndiyo inayoila.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sabuni kweli

Anza kwa kuangalia mahali. Sabuni ya vyombo na ya kufulia huonekana mikononi: katikati ya vidole, chini ya pete, nyuma ya mkono kabla ya kiganja, kwa sababu ngozi ya kiganja ni nene. Sabuni ya unga iliyobaki kwenye nguo hujitokeza pale nguo inapobana na jasho linapotoka, yaani kiunoni kwenye lastiki, kwapani, shingoni kwenye kola, na kwenye mstari wa sidiria. Shampuu hutiririka, kwa hiyo dalili zake mara nyingi hazikai kichwani bali kwenye kope, nyuma ya masikio na shingoni. Sabuni ya kuogea huanza na miundi na mikono: ngozi inapauka, ukipitisha ukucha unabaki mstari mweupe.

Halafu angalia muda. Ngozi iliyochokozwa hulalamika mapema, ndani ya dakika au saa chache. Inakaza, inachoma, kisha inawasha. Mzio, au aleji kama tulivyozoea kusema, ni kitu kingine. Kinga ya mwili ndiyo inayokataa kiambato fulani, na upele hutokea siku 1 hadi 3 baada ya kukigusa. Ndiyo maana watu wanakosea kumtafuta mchawi: unamlaumu samaki wa Jumatano kumbe ni shampuu ya Jumatatu. Mzio pia unaweza kukuanza kwa sabuni uliyoitumia miaka kumi bila shida, hivyo kusema "hii nimeitumia tangu zamani" hakuitoi sabuni hatiani. Hata hivyo wengi wanaosema wana aleji ya sabuni hawana aleji. Ngozi yao imechokozwa tu, na hiyo ni habari njema, maana aliyechokozwa akipumzishwa hupona.

Rangi isikuchanganye. Maandishi mengi yanasema ngozi itakuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyokoza kuliko jirani yake, yenye ukijivu au uzambarau, iliyonenepa ukiipapasa, pengine ya moto kidogo. Ikishapona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Doa hilo ni alama tu ya mahali palipokuwa na vita, halisuguliwi wala halihitaji krimu ya kung'arisha. Nimeona dada mmoja aliyepona mikono vizuri kabisa, akaanza mkorogo ili kuondoa madoa, na tatizo likarudi mara mbili ya lile la kwanza.

Kuna magonjwa matatu yanayofanana na haya. Upele unaosababishwa na wadudu huwasha hasa usiku, hukaa katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mkono na kiunoni, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Fangasi huwa na duara lenye ukingo ulioinuka huku katikati pakionekana pamepona. Hayo mawili yana dawa zake, nenda zahanati. La tatu ni pumu ya ngozi, ambayo mara nyingi huanza utotoni, hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kwenye ukoo utasikia kuna wenye pumu au mafua ya mzio. Mwenye pumu ya ngozi anahitaji daktari, lakini hatua zilizobaki hapa zinamhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 2: Yajue maji yako

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 5 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi). Sabuni halisi, iwe ya mche au ya kuogea, huwa kati ya 9 na 10. Kwenye kipimo hicho tofauti ya namba moja ni mara kumi, kwa hiyo pengo hapo ni kubwa. Kila ukioga kwa sabuni uchachu ule huondoka pamoja na sehemu ya mafuta yanayoshikilia ngozi, na ngozi huhitaji saa kadhaa kujirudisha. Ukioga mara tatu kwa siku huipi nafasi ya kupona.

Sasa ongeza Dodoma. Mji uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua ni za msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 600. Miezi iliyobaki hewa ni kavu, na Julai na Agosti upepo unapuliza utadhani umetumwa. Mtu aliyetoka Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe inakupaka unyevu, anakuja na sabuni yake ileile na namna yake ileile ya kuoga, halafu anashangaa.

Kisha maji. Sehemu kubwa ya maji ya mjini hutoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mitaa mingi ina visima vyake. Maji ya ardhini huku huwa na chokaa na magnesi, ndiyo tunayoita maji magumu, na mengine yana chumvi ya kuonja. Yapime mwenyewe hivi. Chukua chupa mbili tupu za maji. Moja itie maji ya bombani kwako hadi nusu, nyingine maji ya mvua. Kwangua sabuni ya mche kwa kisu, tia kiasi sawa cha punje ya mahindi kila chupa, funga, tikisa huku ukihesabu hadi 20. Maji laini yatapanda povu zito. Maji magumu yatakuwa kama maziwa yaliyokatika, povu kidogo linalokufa haraka, na vipande vyeupe vinavyoelea. Tumia sabuni ya mche na si ya unga, kwa kuwa ya unga hutoa povu hata kwenye maji magumu na itakudanganya.

Vipande hivyo vyeupe ndivyo vinavyobaki kwenye ngozi yako: chokaa iliyoshikana na sabuni, ambayo haiyeyuki tena na maji hayaiondoi kirahisi. Na kwa kuwa povu halitoki, unaongeza sabuni. Hapo ndipo unapojimaliza.

Kuchemsha maji hupunguza sehemu ya ugumu, ndiyo ule ukoko wa ndani ya birika, lakini hakuondoi chumvi. Dawa nafuu ni maji ya mvua. Mwenye bati na mfereji akinge msimu wa mvua, aache mvua ya kwanza ioshe vumbi, ajaze mapipa yenye vifuniko. Hayatoshi kuogea mwaka mzima, ila yanatosha kwa uso, mtoto, na kopo la mwisho la kusuuza.

Hatua ya 3: Ipumzishe ngozi wiki mbili

Hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi. Wanabadilisha sabuni tano kwa mwezi mmoja, kila moja ikikuta ngozi tayari imeumia, na zote zinaonekana mbaya.

Kwa siku 14 ondoa kila kitu chenye harufu: sabuni ya manukato, sabuni yenye dawa, losheni, pafyumu ya mwilini, skrabu, dodoki, jiwe. Kwenye sehemu iliyoathirika tumia maji matupu. Kwapani, kinena na nyayo tumia sabuni moja ya kawaida isiyo na harufu, kidogo. Kwa mafuta bakiza aina moja, nitaisema mbele. Vua pete. Vyombo na nguo mwombe mwenzako akusaidie au vaa glavu. Andika kwenye daftari au simu: leo nimegusa nini, ngozi ikoje jioni. Mistari miwili inatosha.

Ngozi ikitulia kabisa, umepata jibu kwamba mkosaji yumo kati ya vile ulivyoviondoa. Ikibaki vilevile baada ya wiki mbili za kufuata kweli, si kwa kuibia, usiendelee kubahatisha. Muone mhudumu wa afya.

Hatua ya 4: Oga upya

Nisamehe, najua kila mtu anajua kuoga. Lakini tujitazame tunavyooga kwa ndoo. Kopo mbili za kwanza za kujilowesha, sabuni kuanzia shingoni hadi kwenye vidole vya miguu, kusugua hadi mwili mzima uwe mweupe, kisha tunachungulia ndoo: yamebaki makopo matatu. Tunajimwagia haraka haraka, tunajifuta, tumemaliza. Mgongoni bado panateleza.

Fanya hivi. Kabla hujaanza, chota nusu ya maji uweke kwenye beseni pembeni. Hayo hayaguswi mpaka muda wa kusuuza, hata kama sabuni imekuingia machoni. Maji yawe ya uvuguvugu. Ya moto yanayotoa mvuke ni matamu asubuhi za Julai lakini nayo yanaondoa mafuta ya ngozi. Sabuni isipelekwe mwili mzima. Ioshee kwapa, kinena, makalio na nyayo, pamoja na mahali palipochafuka kweli. Mikono, tumbo, miundi na mgongo wa mtu aliyeshinda ofisini havina uchafu unaohitaji sabuni kila siku. Aliyeshinda shambani Bahi au kwenye tofali ana hesabu nyingine, apake mwili mzima mara moja jioni, na asubuhi maji matupu. Toa povu mkononi kwanza, usisugue kipande moja kwa moja kwenye ngozi. Dodoki liache lining'inie.

Suuza kwa maji uliyotenga, ukipitisha kiganja huku maji yanashuka: mikunjo ya kwapa, chini ya matiti, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu. Ikiwa kiganja kinateleza, sabuni ipo. Malizia na kopo moja la maji ya mvua kama unayo. Dakika tano hadi kumi zinatosha kwa kila kitu.

Jifute kwa kugandamiza taulo, bila kusugua, na mwili ukiwa bado una unyevunyevu, ndani ya kama dakika tatu, paka mafuta. Ukisubiri mwili ukauke kwanza umechelewa, maji yameshakimbia.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando yasiyo na harufu ndiyo chaguo langu la kwanza. Ni rahisi, yanapatikana hadi duka la kijijini, na ni nadra mtu kuwa na mzio nayo. Ubaya wake ni kunata na vumbi la huku, ndiyo, shati jeupe litakulaumu. Huku kwetu kanda ya kati tuna alizeti tele, na mafuta ya alizeti yaliyosafishwa ni mazuri kwa ngozi kavu kwa kuwa yana asidi ya linoleki inayoimarisha ukuta wake. Mafuta ya zeituni, ambayo watu huyanunua kwa bei kubwa wakidhani ndiyo bora, yameonekana kulegeza ukuta huo. Ukipika nayo sawa.

Hatua ya 5: Zirudishe moja moja

Ngozi ikitulia, anza kumsaka mkosaji. Chagua bidhaa moja. Kwenye mkunjo wa kiwiko kwa ndani, paka kiasi cha sarafu ya shilingi 200. Losheni iache pale. Sabuni ya kuogea, toa povu, paka, subiri kama dakika 5, suuza. Rudia asubuhi na jioni kwa siku 7 hadi 10. Pakiwasha au pakavimba, umempata, acha. Pakibaki salama, rudisha bidhaa hiyo kwenye matumizi ya kawaida, kisha pima nyingine. Kazi ya kuchosha, nakubali, lakini ni rahisi kuliko kununua sabuni kila Jumamosi.

Usipime namna hii sabuni ya unga, sabuni ya vyombo, Jiki wala dawa ya choo. Hizo zitaunguza ngozi ya mtu yeyote na hutajifunza chochote. Kwa sabuni ya kufulia, fua fulana moja, isuuze vizuri, ivae siku tatu.

Hatua ya 6: Chagua sabuni kwa kusoma, si kwa kunusa

Sabuni ya mche imetengenezwa kwa ajili ya nguo. Najua wapo walioogea tangu utotoni wakiwa na ngozi kama kioo, na wapo wanaoisifia kwa chunusi. Mwenye ngozi inayolalamika aiache kwenye beseni la nguo.

Kwenye vipande vya kuogea, geuza paketi. Ukiona *sodium palmate*, *sodium palm kernelate* au *sodium tallowate* mwanzoni mwa orodha, hiyo ni sabuni halisi, pH ya juu. Ukiona *sodium cocoyl isethionate* mwanzoni, hicho ni kipande kilichotengenezwa kwa visafishaji laini, pH yake iko karibu zaidi na ya ngozi, na hakigandi na maji magumu. Huuzwa maduka ya dawa na supamaketi, bei yake ni ya juu, lakini ukikitumia kwa kwapa na kinena tu kinakaa muda mrefu. Neno *parfum* au *fragrance* ni manukato, nayo ni kati ya vyanzo vikubwa vya mzio. *Methylisothiazolinone* ni kihifadhi kilichosumbua ngozi za wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha mwilini mwaka 2017. Kwenye sabuni za kusuuza na vitambaa vya kufutia watoto kikague.

Picha ya mtoto kwenye paketi haithibitishi upole. Sabuni nyingi za watoto ni sabuni ileile yenye harufu tamu.

Zenye dawa ya kuua vijidudu ndizo zinazouzwa kwa sifa kubwa na ndizo nisizozipenda kwa ngozi kavu. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa sokoni sabuni za nyumbani zenye viambato 19, triklosani ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba zinazidi sabuni ya kawaida na maji. Kunawa vizuri ndiko kunakoondoa vijidudu.

Za asili, za mwarobaini, mlonge, manjano, asali: muulize mtengenezaji maswali mawili. Ilikaa muda gani kabla ya kuuzwa? Sabuni ya kutengenezwa bila kupikwa inahitaji wiki 4 hadi 6 ili kostiki, yaani ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, yote iishe kazi yake na kipande kikauke. Na ametia harufu gani? Mafuta ya mimea yenye harufu kali ni manukato kama manukato mengine. Ndimu usijipake usoni hata iwe ya asili vipi; maji ya ndimu yakikutana na jua la Dodoma huunguza na kuacha madoa meusi.

Za kung'arisha ziache kabisa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Ukikuta *mercury*, *calomel*, *mercurous chloride* au *Hg* kwenye orodha, hiyo ni zebaki, na madhara yake hufika hadi kwenye figo. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo bidhaa isiyo na orodha ya viambato, isiyo na anuani ya mtengenezaji, inayouzwa kwenye begi la mkononi, huna wa kumuuliza.

Hatua ya 7: Vyombo, nguo, na ile sabuni ya maji ya mtaani

Hapa ndipo mikono mingi ya Dodoma inapoharibikia, yangu ikiwemo.

Sabuni ya maji inayouzwa mtaani kwenye chupa za maji zilizotumika ni biashara halali ya akina dada na mama wengi, na nyingine ni nzuri sana. Nilikaa siku moja na dada mmoja huko Nkuhungu, hapahapa mjini, akitengeneza ndoo ya lita 20. Alimimina salfoniki, ile asidi nzito ya rangi ya kahawia kama asali chafu, kwenye maji, akakoroga kwa mwiko mrefu upande mmoja tu. Kisha akatia soda ashi iliyoloweshwa usiku, na ndoo ikafurika povu hadi chini. Slesi ya kutoa povu, chumvi ili iwe nzito, gliserini, rangi ya kijani, pafyumu ya tufaha, na mwisho kifuniko cha formalini isije ikaoza. Nikamuuliza, "Dada, unajuaje soda imetosha kuivunja asidi?" Akachovya kidole, akasugua na kidole gumba, akacheka: "Mkono unajua."

Mkono unajua, lakini kwa kuumia. Soda ikizidi, sabuni inateleza sana na kuchubua. Asidi ikizidi, inachoma kwenye mipasuko. Na formalini ni kihifadhi kinachojulikana kwa mzio. Kama unatengeneza, nunua karatasi za kupimia pH, lenga karibu na 7, na vaa glavu na miwani. Kama unanunua, itumie kwa vyombo na sakafu tu, usiiweke kwenye kopo la kunawia mikono wala kuogea. Na usiimimine kwenye sponji kavu kisha ukaishika. Tia kidogo kwenye beseni la maji, chovya sponji humo.

Ukishinda na mikono kwenye maji zaidi ya saa mbili kwa siku, kama mama lishe, dobi, msusi, mhudumu wa usafi wa ofisini au muuguzi, mikono yako iko hatarini hata sabuni iwe nzuri kiasi gani. Vaa glavu ndefu za kufanyia usafi, na ndani yake glavu nyepesi za pamba au soksi ya pamba iliyokatwa vidole, ili jasho lisiloweshe ngozi. Zikiingia maji zivue mara moja: glavu iliyonasa maji ya sabuni ndani ni mbaya kuliko kutovaa kabisa, ni kama ile pete yangu, sema sasa imevaa mkono mzima. Zigeuze, zianike kivulini. Mkono ukiwasha hasa pale glavu inapoishia, huenda ni mpira wenyewe. Badilisha ununue za vinili au nitrili.

Kunawa usiache. Kabla ya kula na baada ya choo ni lazima, kipindupindu hakijali ngozi yako. Vua pete, nawa, suuza hadi kisiwepo kinachoteleza, kausha katikati ya vidole, paka mafuta kidogo. Mikono ikiwa haina uchafu unaoonekana, vitakasa mikono vyenye spiriti huchokoza ngozi kidogo kuliko kunawa kwa sabuni mara kwa mara, ingawa kwenye mpasuko vitakuchoma.

Nguo: yeyusha unga wote kwanza ndipo utie nguo, la sivyo chembe hubaki kwenye mishono. Suuza maji mawili, na nguo za ndani na za mtoto maji matatu. Kujua kama zimetakata sabuni, kamua kona ya nguo kwenye glasi, funika kwa kiganja, tikisa. Povu likikaa juu, rudi kwenye beseni. Najua maji ni ya kununua kwa dumu sehemu nyingi. Basi punguza unga kwanza, maji hayataisha haraka.

Watoto na sehemu za siri

Mtoto mchanga hahitaji sabuni kila siku. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo kwenye makalio na mikunjo. Vitambaa vyenye harufu vya kufutia, kama makalio yamechubuka, viweke pembeni; tumia pamba na maji, kisha mafuta ya mgando kabla ya nepi. Ila usiache kumnawisha uso kwa kuogopa sabuni. Ukanda huu una historia ndefu ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, na utafiti uliofanyika Kongwa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watoto wanaonawishwa uso hupungukiwa na trakoma kali. Uso safi unapatikana kwa maji matupu, hata kopo moja.

Kwa wanawake, ndani hapaoshwi kwa kitu chochote. Panajisafisha penyewe, na uchachu wake ni mkali kuliko wa ngozi, pH kama 4. Sabuni ikiingia humo inavuruga kinga hiyo, na muwasho unaotokea unamfanya mtu azidishe sabuni. Nje, maji ya kutawaza yanatosha.

Ngozi ikiwa tayari imechafuka

Lowesha kitambaa safi kwa maji ya baridi, kiweke dakika 10 hadi 15, kisha mafuta ya mgando kwa wingi. Usiku mikono ipakwe nzito na kuvikwa soksi za pamba. Ikiwasha sana, mfamasia anaweza kukupa haidrokotisoni ya 1%, ipakwe nyembamba mara mbili kwa siku, isizidi siku 7, isiwekwe kwenye kope wala kwa mtoto mchanga bila ushauri wa daktari. Tyubu niliyouziwa mimi ilikuwa ya tatu-kwa-moja: steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki pamoja. Ilituliza kwa siku nne, nikaiacha, ikarudi. Nikapaka tena, ngozi ikaanza kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Krimu za aina hiyo zikipakwa kwa kubahatisha hupunguza unene wa ngozi, na kama kweli ni fangasi steroidi huuficha sura yake hadi daktari anashindwa kuutambua.

Dawa ya meno, majivu, spiriti na maji ya chumvi si dawa ya hili.

Kostiki ikimwagika mwilini ikiwa kavu, ipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, vua nguo iliyoguswa, kisha maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usimwagie siki. Kitu chochote cha namna hii kikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 20 jicho likiwa wazi, halafu hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kesho. Na Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, bafu zetu ni ndogo na dirisha ni tundu.

Lini uende hospitali

Ukivimba uso au midomo, au pumzi ikibana, nenda sasa hivi. Nenda pia ngozi ikitoa usaha au maji ya njano, ikiwa ya moto na una homa, ikienea licha ya kuacha kila kitu, ikikunyima usingizi, au ikikuzuia kufanya kazi. Anza zahanati au kituo cha afya. Rufaa hapa mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Mzio ukishukiwa, wataalamu wa ngozi hupima kwa viraka vinavyobandikwa mgongoni kwa saa 48 kisha kusomwa tena baada ya siku moja au mbili. Nchini, wengi wao wamepita mikononi mwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992.

Siku ya kwenda usipake krimu yoyote asubuhi, daktari auone upele wenyewe. Beba daftari lako la wiki mbili na tyubu zote ulizokwisha kutumia. Beba sabuni zenyewe na paketi zake, maana "ile ya kijani" haimsaidii daktari. Kama ni sabuni ya maji isiyo na lebo, pitia kwa aliyekuuzia, mwombe akutajie alichotia, uandike kila kimoja kwenye karatasi, hata kile kifuniko cha mwisho.